Jina Lako Kwenye Filamu Yao

Tonton Kashindi, mwalimu wangu,

Nakuandikia na kalamu inayokwama, kwa hiyo usianze kunisema juu ya mwandiko. Sasa ni saa mbili asubuhi. Saa nne watanitumia pikipiki, na mpaka hapo sina la kufanya ila kukaa hapa mezani na kuogopa. Nikaona heri niogope pamoja na weye. Woga ulikuwa kazi yako tangu zamani, utanielewa.

Tangu utuache mengi yamebadilika hapa Uvira. Ile studio yetu ya Mulongwe sasa iko duka la kinyozi. Ziwa lilipanda likakula nyumba za Kalundu, pamoja na ule ukumbi wa video ulionifundishia kazi. Maji yalipotoka tulikuta ukuta mmoja tu na misumari. Kinanda chako kiko kwangu. Vitufe viwili vya juu vimekufa, na ile plastiki nyeusi imekuwa ya kijivu, lakini kinalia. Nakipiga kanisani na kwenye harusi. Muziki wa filamu sifanyi tena. Nilikwisha kuapa, na nilikaa na kiapo hicho miaka mingi, mpaka wiki iliyopita.

Maana wenye bunduki wamerudi, Tonton. Siyo wale wa zamani. Hawa ni wengine, na nguo mpya na jina jipya, walishuka na bonde la Ruzizi, wakapita Bwegera, na siku walipofika huku tulikuwa chini ya vitanda kwa siku ya tatu. Halafu wakapita na kipaza sauti mtaani, wakatuambia mji uko na amani, tufungue maduka, watoto waende shule. Tukafungua. Mutu anafungua huku anatazama barabara.

Siku moja, nikiwa nachambua mboga mlangoni, akaja kijana mmoja na kofia mkononi. Ndiye afisa wao wa picha. Aliniamkia vizuri, akanisaidia hata kuinua beseni. Akasema, "Mama, usiogope." Mutu mwenye bunduki akikuambia usiogope, unajua cha kuogopa kimefika. Akakaa kwenye kiti changu, akaanza kuimba kwa pua ule wimbo.

Ule, Tonton. Noti nane, na ya mwisho inachelewa.

Nilihisi baridi mpaka kwenye meno. Miaka yote hii sikuwahi kuusikia kwa mutu mzima. Akaniambia alikuwa mtoto wa hapa hapa, alikuwa anaingia ukumbi wa video na karanga mfukoni, na kabla ya kila filamu ya karate walilazimishwa kwanza kuona filamu ya kamanda wa wale wenye bunduki wa zamani. Filamu yenyewe haikumbuki sana, anasema. Muziki ndio ulimbakia. Sasa wanatengeneza yao, ya kuonyesha mji umetulia, na anataka muziki ule ule. Akaniuliza, "Ni wa mzee Kashindi, sivyo? Weye ulikuwa mwanafunzi wake."

Nikasema ndiyo.

Nilisema haraka, kabla hata hajamaliza swali. Ndiyo, ni wa mzee Kashindi, mimi nilikuwa nashika nyaya tu. Ulimi wangu ulikimbia peke yake kama kuku aliyeona mwewe. Na hapo ndipo nilipokuweka mara ya pili, Tonton, mahali ulipokwisha kufia mara ya kwanza.

Acha nikukumbushe jinsi ilivyokuwa, ingawa weye unajua kuliko mimi. Nataka niandike mara moja yote sawasawa, kwa sababu saa nne nitatakiwa kuyasema kwa mdomo.

Nilikuja kwako nikiwa na miaka kumi na saba, nikijua kupiga nyimbo tano za kanisa, nikijiona fundi. Somo la kwanza ulinipeleka ukumbini kwenye filamu ya Wahindi, ukaniketisha mgongo kwa televisheni. Watu wote walikuwa wanatazama mbele, siye wawili tunawatazama wao. Walitucheka mpaka mwenye ukumbi akauliza tunalipia uso au kisogo. Weye ukaniambia, "Angalia nyuso zao, sikiliza muziki. Ukijua muziki unawafanya nini, picha haina kazi na weye." Mpaka leo iko filamu nyingi ninazozijua kwa masikio tu. Nikikutana na picha zake nazishangaa.

Majina ya watunzi wa ng'ambo hatukuyajua, kwa sababu mwenye ukumbi alikuwa anazima kasete kabla hayajapanda mwishoni. Tukawapa majina yetu. Alikuwepo Bwana Violini, ambaye mutu akifungua tu mlango anamletea violini arobaini. Alikuwepo yule wa Ngoma Kubwa. Na alikuwepo mpenzi wako, Mzee wa Baridi, yule wa sentetiza, anayeshika sauti moja ndefu ya mashine na kuiacha ikae, ikae, mpaka watu ukumbini wanaacha kutafuna. Ulisema Bwana Violini anakuambia ulie, lakini Mzee wa Baridi anakuacha ulie mwenyewe. Ukachagua kuwa mutu wa baridi katika mji wa joto kama huu.

Na ulikuwa mwoga, weye. Uliogopa pikipiki, uliogopa mbwa, uliogopa ziwa ambalo lilikuwa linaonekana dirishani mwako. Kinanda kilikuwa na sauti za kila kitu ndani yake, filimbi, kengele, mpaka helikopta na bunduki, na zile mbili za mwisho ulizikataza. Siku niliyobonyeza ya helikopta kwa kukosea, uliingia chini ya meza, ingawa kidole changu ulikuwa unakiona. Tulicheka mpaka tukalia. Yule bwana wa Bujumbura alipokuja kukutaka ukatunge muziki wa matangazo, mshahara kila mwezi, ulimwambia kule umeme hauimbi. Watu wakasema Kashindi ana majivuno. Mimi uliniambia ukweli wiki moja baadaye: uliogopa kupita kwenye kizuizi cha mpakani.

Lakini lile la umeme nalo halikuwa uongo mtupu. Jenereta yetu, ile gurupu nyekundu, ilikuwa inaguna noti ya sol, na mguno wake uliingia kwenye kila kasete tuliyorekodi. Fundi mwingine angehangaika kuutoa. Weye uliamua kila filamu yetu iwe kwenye sol. "Gurupu iko mupiga besi wetu," ulisema. Na mafuta yakiwa mabaya, yale yaliyochanganywa na maji, gurupu ilichoka, sol yake ikashuka kidogo, ikawa katikati ya noti na noti. Hapo ulikuwa unalishusha lile gurudumu dogo la kinanda linalokunja sauti, halafu unalikaza na kijiti cha kiberiti lisirudi. Kinanda na gurupu vinakuwa kitu kimoja tena. Mutu mwingine hakujua siri ya kijiti kile isipokuwa siye wawili.

Ndipo kamanda wa zile siku akaagiza filamu yake. Unakumbuka picha: kamanda anagawa mipira shuleni, kamanda sokoni anacheka na wamama, wamama wanacheka na meno tu. Alitupa siku tatu. Weye siku mbili hukupiga hata noti moja. Ulikuwa unatoka nje kutapika na kurudi. Siku ya tatu mchana, ukiwa huko nje, nilikaa mimi kwenye kinanda, kwa sababu niliogopa zaidi tukikosa kumpa kitu. Gurupu ilikuwa imechoka vibaya siku ile. Nikakaza kijiti, nikachagua filimbi, nikatunga noti nane, ya mwisho nikaichelewesha. Uliporudi ulisimama mlangoni unajipangusa mdomo. Ukasema, "Hiyo. Iache hivyo hivyo." Ukaweka sauti yako ndefu ya baridi chini yake, tukamaliza.

Ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Ilikuwa nzuri mno kwa filamu ile. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na watoto mtaa mzima walikuwa wanaipiga kwa mluzi, na wazazi wanawachapa kwa ajili hiyo, na mimi moyoni nilikuwa nacheka kwa furaha. Nikaenda ukumbini, mara hii nikakaa uso mbele kama watu, nisubiri majina yapande mwisho. Kamanda alitaka yapande yote, apende asipende mwenye ukumbi. Likapanda jina la mpiga picha. Likapanda, "Muziki: Kashindi." Kisha giza.

Nilikuja kwako nikiwa nawaka moto. Nilikuita mwizi. Weye ukaniambia eti nafasi haikutosha kwenye kasete. Tonton, nafasi ya jina moja. Hata kudanganya ulikuwa hujui. Nikanuna miezi, nikawa nafanya kazi na mdomo umefungwa, naweka kikombe chako mezani kwa kishindo. Na weye ulivumilia, ukawa unaniambia, "Filamu ingine, Mapendo. Filamu ingine utaweka jina yako."

Halafu watu wa kamanda wakaondoka, na vijana wa mji wakaanza kuwatafuta waliokula nao.

Walikuja mchana, jua liko juu. Mimi nilikuwa kwenye kile chumba chetu cha kurekodia, nyuma ya pazia la sponji za magodoro. Nilisikia kila kitu, kwa sababu tulikijenga kile chumba kwa kusikia. Walikuuliza nani mwingine alitengeneza muziki ule. Ukasema, "Ni minye peke yangu. Muliona majina, jina iko moja." Nao walikuwa wameona, mara mia. Hawakuwa na sababu ya kuuliza tena. Walivunja vidole vyako, na mengine waliyokufanya weye unayajua. Mimi niliuma kitambaa cha kitenge changu nisitoe sauti. Hukulitaja jina langu. Hukugeuza hata macho upande wa pazia, maana niliona kwenye upenyo.

Ndipo nikaelewa ile nafasi iliyokosekana kwenye kasete. Uliogopa mapema, kwa ajili ya wawili.

Dada yako alikuchukua kwake Lemera, karibu na hospitali. Uliishi huko miezi miwili. Sikuja. Sitatafuta maneno ya kulipamba hilo. Niliogopa kuonekana kwenye njia ya mlima, mutu aniulize naenda kwa nani. Ulizikwa huko na mimi niko hapa chini nachambua mchele wa mutu.

Sasa sikiliza ya leo. Yule afisa wa picha alirudi siku mbili baadaye, amefurahi kama mtoto. Wakubwa wake wamekubali. Jumamosi filamu itaonyeshwa kwenye uwanja wa mpira, kwenye kitambaa kikubwa, mji wote uitwe. Mwishoni litapanda jina: "Muziki: Marehemu Kashindi, mwana wa Uvira," pamoja na picha yako wameipata sijui wapi. Na mke wako, Mama Faida, ataitwa mbele akae na wakubwa, apewe heshima. Aliniomba mimi nimpelekee habari hiyo njema. "Mama, sisi tunaheshimu wasanii," akasema. Kazi yangu leo ni kupiga ule wimbo upya, safi. Wamejaribu na mpiga kinanda wao, lakini afisa anasema unatoka kama wa harusi, kuna kitu kinakosekana na hawakijui.

Mama Faida, Tonton. Hujui alivyoishi. Baada yako, wanawake wanaouza ndagala, dagaa wetu wa ziwa, hawakumpa nafasi sokoni. Alikuwa anatandika samaki wake peke yake mwisho kabisa, karibu na choo, na mutu akinunua kwake anaangalia nyuma. Binti yenu Faida shuleni walimwita mtoto wa kamanda. Ilichukua miaka. Sasa Mama Faida anakaa katikati ya wenzake, wanamsuka nywele, wanamtania. Faida anafundisha darasa la pili na yuko na mimba ya kwanza. Na Jumamosi watampandisha mama yake mbele ya mji mzima na kumketisha na wenye bunduki. Hawa nao wataondoka. Wote huondoka. Na siku hiyo watu watakumbuka nani aliketi wapi.

Nilifikiri kukataa. Nikikataa, watapata mwingine wa kuupiga vibaya, na jina litapanda vile vile. Nilifikiri kukimbia na mtumbwi kwenda Burundi. Ningefika, pengine, na Mama Faida angebaki hapa na heshima yake. Kila mlango niliofungua kichwani ulikuwa na jina lako nyuma yake, na mimi ndiye niliyeliweka, kwa ile ndiyo yangu moja. Iko njia moja tu ya kulitoa. Ni kumwambia yule kijana kwamba nilimdanganya, kwamba wimbo ni wangu, na kwamba kama liko jina la kupanda, lipande langu.

Jana mchana nilikwenda kwa Mama Faida. Nilimkuta anaosha ndagala uani. Nilipanga kumwambia ya Jumamosi tu, nikajikuta nasema yote, tangu kijiti cha kiberiti mpaka pazia. Hakuacha kuosha. Nilipomaliza alimwaga maji ya beseni, akamimina mengine. Akasema, "Miaka yote hii ulikuwa unakuja kula hapa." Ni kweli. Kila Noeli, kila ubatizo, sahani yangu ilikuwa ya kwanza. Nikajaribu kupiga magoti, akasema, "Simama, utaloa." Kisha akasema, "Basi, uende useme." Hakunisindikiza mpaka barabarani kama kawaida yake. Sikumlaumu.

Kwa hiyo naenda. Nimekwisha kufunga kinanda kwenye kitenge. Nimeweka na kiberiti. Akiniuliza nina ushahidi gani, nitawasha jenereta yao, nitasikiliza inaguna nini, nitakaza kijiti, nitapiga noti nane, naye atajua mutu wa kushika nyaya tu hawezi kupiga hivyo. Ana sikio, kijana yule. Ndicho kinachonitisha zaidi, kwamba ataamini mara moja. Labda atakasirika kwa sababu nilimdanganya mwanzo. Labda atafurahi, anikumbatie, aniweke kwenye kiti cha mbele, na hiyo iko mbaya kuliko hasira. Nimetoka nje mara tatu, kama weye siku zile, na mara ya tatu nilikukumbuka nikacheka kidogo na mdomo mchungu.

Nilikuwa nadhani mutu mwoga ni mutu asiyefanya kitu. Sijui nilipata wapi mawazo hayo, na weye nilikuwa nakuona kila siku.

Nasikia pikipiki inapanda kutoka barabara kubwa. Pengine ni ya yule kijana, pengine ni ya mutu mwingine, lakini imenifanya niandike haraka.

Lala, Tonton, huko mlimani kwa dada yako. Sikukuaga ulipokuwa hai, nakuaga sasa, na unisamehe kama huko mutu anaweza kusamehe. Ninakuahidi mambo mawili. Jumamosi, watu wakiinua macho kusoma majina, lako halitakuwepo, na Mama Faida atakuwa nyumbani kwake. Na siku watakayokuja kuuliza nani alitengeneza muziki ule, sitakuwa nyuma ya pazia. Nitaogopa sana, lakini nitawafungulia.

Imesimama mlangoni. Ni yake.

Ni mimi,
Mapendo, niliyetunga ule muziki.